Toleo la Arobaini

Siku nne zimepita tangu fainali na hasira bado haijaniisha.

Mdogo wangu anaandika programu yetu ya kucheza sataranji, mimi natunza matoleo yake. Kila toleo jipya nalipambanisha na lililotangulia, michezo mia, katika chumba cha cherehani cha mama, na matokeo nayaandika kwenye daftari. Lisiloshinda halitoki mlangoni. La arobaini lilishinda. La arobaini na moja lilikuwa kali zaidi, ila lilikuwa na ugonjwa: likikaribia kushinda, linambana mfalme wa adui akose pa kwenda bila kumshambulia, na kwa sheria za mchezo hiyo ni sare. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: lisitumwe.

Lilitumwa. Kwenye mashindano ya chuo tulikuwa tumesajili la arobaini, basi mdogo wangu, bwana mkubwa, akalibandika la arobaini na moja jina hilo hilo na kufuta la zamani. Na fainali ilikuwa na zawadi moja tu, chumba cha kuwa chetu wenyewe chuoni, na kompyuta zake.

Hatua ya tatu tu nikajua. La arobaini halimtoi malkia mapema hivyo.

"Hili toleo gani?" nikamnong'oneza.

"Jipya, dada. Jipya si ndiyo bora?"

Tulifika mahali tuna malkia wawili, adui kabaki na mfalme peke yake. Sare. Sisi tulihitaji ushindi, wao kwa pointi zao sare iliwatosha, chumba wakakichukua. Mwandishi wa gazeti la chuo akauliza mimi ni nani.

"Dada yangu huyu. Ananisaidia kuandika-andika."

Nyumbani, siku zote hizo, hakuomba radhi. Leo jioni aliomba daftari, eti atafute njia ya kulirudisha la arobaini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa guu lililovunjika ni langu. Mama, akitunga uzi kwenye sindano, akatuambia yaishe, maji yakimwagika hayazoleki.

"Yangu hayakumwagika, mama." Nikatoa flashi mfukoni. "Matoleo yote yamo humu, tangu la kwanza."

Mdogo wangu akanyoosha mkono haraka. "Nipe basi, dada. Kuna mashindano mengine mwezi ujao."

"Najua. La arobaini nimelisajili leo asubuhi, kwa jina langu."

"Na mimi je?"

"Umo. Nimeandika unanisaidia kuandika-andika."