Kivuli cha Nyumba Namba Saba

Jumanne saa nne asubuhi Marsela alikuwa amekaa kwenye ofisi ya kampuni ya nyumba, Mpanda mjini, anasoma mkataba kwa kidole. Alisoma kijijini kwao Usevya mpaka darasa la saba, na kidole chake hakijawahi kuruka mstari. Mumewe Bartolomeo alibaki nje kwenye benchi kwa sababu ya kifua. Daktari alishamwambia: mzee, moshi na rangi mpya uviepuke, kaa nje penye hewa, lakini si juani. Ndiyo maana waliuza shamba la mpunga wakaja kununua nyumba karibu na hospitali. Marsela alishachagua namba saba, nyuma ya stesheni, kwa ajili ya ukuta wake wa mashariki. Kuanzia saa nane mchana ukuta ule ulimwaga kivuli cha kutosha kigoda, mkeka na kuku wawili.

Afisa mauzo aliitwa Osward. Alikuwa na adabu, alimpa Marsela shikamoo mbili.

"Makabidhiano, mama, ni siku tunayokupa funguo," alieleza. "Kasoro ni kama ukuta kupasuka, bomba kuvuja. Muda wa uangalizi ni miezi sita. Kasoro ikitokea humo, tunarekebisha sisi, hutoi kitu. Na hili la mwisho ni jedwali la vitu."

Hapo simu yake ikalia, akatoka. Aliporudi hakuendelea na jedwali, na Marsela hakuona haja ya kuuliza, kwa sababu jedwali alilijua tangu utotoni.

Usevya mtu akiuza nyumba, huandikwa karatasi mbele ya majirani. Kwenye karatasi huandikwa vitu anavyoondoka navyo muuzaji: mlango wa mbele, mabati kumi, kinu. Kisichoandikwa kinabaki, ni cha mnunuzi, hata kama ni kuku aliyesahaulika akiatamia. Mnunuzi mwerevu hukazana karatasi iwe fupi.

Marsela alikazana.

"Mwanangu, milango sita, haya, chukueni, mlango ninao wa mninga, nitakuja nao. Masinki nayo chukueni. Ila hapa mmeandika kivuli cha nyumba pande zote, pamoja na kivuli cha chochote kitakachosimama kiwanjani. Hicho hapana. Mnakipeleka wapi kivuli nyie?"

Osward alimtazama kidogo.

"Unataka tukifute?"

"Kifute."

Alikifuta kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Akaweka sahihi pembeni, Marsela naye akaweka yake. Nje Marsela alimwambia Bartolomeo kwamba amewabana mpaka wameachia kivuli. Bartolomeo akasema ndiyo maana alimuoa. Wakapanda bajaji.

Siku ya makabidhiano Marsela alifika na lori, na mlango wa mninga juu yake. Alikuta milango sita iko palepale, na masinki yapo. Aliona kampuni hii ina roho nzuri. Osward alimpa funguo saa tisa kasorobo, Marsela akasaini, akasaini tena. Bartolomeo aliwekewa kigoda ukutani upande wa mashariki.

Saa tisa kamili kivuli cha nyumba kiliamka kutoka chini. Kilijikunja kuanzia pembeni kama mkeka, kikapita kati ya miguu ya Bartolomeo, kikatoka getini. Bodaboda aliyekuwa anakuja alipunguza mwendo, kikavuka barabara. Ng'ambo ilikuwa nyumba ya mfano, ile wanayoonyeshwa wateja. Kivuli kililala pale juu ya kivuli cha nyumba hiyo, kikatulia.

"Kinahama?" Marsela aliuliza.

"Kinarudi kwa mwenyewe," alisema Osward. "Jedwali, mama, ni vitu unavyopata. Ulichofuta hukupata."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza maana yake. Uliomba kufuta, na fomu ina nafasi ya kufuta."

Bartolomeo alikuwa ameshatoa leso, ameiweka kichwani.

Tangu siku hiyo jua liliwaka pande zote nne za nyumba namba saba kwa wakati mmoja, asubuhi na jioni. Majirani waliomba kuanika nguo. Dagaa wa Ikola, ambao kwingine hutaka siku nzima juani, pale walikauka kabla ya chai ya saa nne. Marsela alifunga turubai. Kivuli cha turubai kilikaa kama dakika mbili, kikavuka barabara. Alipanda mpapai. Ulipofika magotini, kila alasiri kilionekana kivuli chembamba kinavuka peke yake, kinachungulia bajaji kwanza.

Ndani rangi mpya ilimbana Bartolomeo kifua mpaka akapumua kwa mluzi. Nje jua lilimpiga mpaka akaona nyota. Alihama kutoka ndani kwenda nje na kurudi, hatua kumi na nne, siku nzima. Mwezi wa pili hatua zikawa ishirini, kwa sababu alikanyaga fupifupi.

Marsela alirudi ofisini na karatasi ya kasoro. Aliandika kwa mwandiko wake wa duara: kivuli hakipo.

Osward aliisoma vizuri.

"Kasoro, mama, ni kitu kilichopo kikaharibika. Kisichokuwepo hakiwezi kuharibika."

"Mume wangu anaharibika."

"Mzee hayumo kwenye mkataba," alisema Osward, kwa upole kabisa. Halafu akafikiri. "Lakini anaweza kuja kukaa pale kwenye nyumba ya mfano. Akikaa pale na kigoda chake, nyumba inaonekana ina watu. Ila mambo ya mkataba msiongee na wateja. Mkiongea, kigoda kinarudi ng'ambo."

Ikawa hivyo. Kila siku saa nane Marsela alimshika Bartolomeo mkono, wakavuka kwenda kukaa kwenye kivuli chao. Kilikuwa kizuri kweli, kizito, cha nyumba mbili. Wiki ya kwanza tu mluzi ulikoma kifuani. Wiki ya pili alianza kusimulia habari za Usevya. Wateja walipopita walisema, angalia kaubaridi ka hapa, angalia wazee walivyotulia.

Mwezi wa nne wakaja mke na mume kutoka Mwese, Aneth na Danford. Walikuwa na mama yake Danford, ambaye miguu ilimvimba, wakamkalisha kwenye ngazi ya nyumba ya mfano. Aneth alishika mkataba na kuusoma kwa kidole. Kidole kilifika kwenye jedwali, kikasimama. Kumbe Mwese nako nyumba huuzwa kwa karatasi kama ya Usevya.

Marsela alimtazama Bartolomeo anavyopumua. Akatazama kidole.

"Wanangu," alisema, "kitendawili."

"Tega, bibi," alisema Danford.

"Mgeni wangu asubuhi hulala upande wa machweo, jioni upande wa macheo. Mkeka hataki, na chakula hali."

"Kivuli," alisema Danford. "Bibi, hicho cha watoto."

"Haya, kingine. Nilikitoa kwenye karatasi ili kiwe changu, kikaenda kwa mwenzangu."

Wakafikiri. Aneth akasema ni jina la kwenye kadi ya kupigia kura. Danford akasema ni talaka. Mama yake, pale kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika goti.

"Tumeshindwa," alisema Danford. "Chukua mji. Chukua Sumbawanga."

Mtu akishapewa mji lazima atoe jibu. Osward alikuwa amefika na kalamu, amesimama karibu kabisa na kigoda cha Bartolomeo, mkono mmoja juu ya bega la mzee.

"Jibu ni kivuli," alisema Marsela.

"Tena?" Aneth alicheka. "Aa, bibi, umetuibia Sumbawanga. Huwezi kutega viwili jibu moja."

Alikuwa bado anatabasamu alipomgeukia Osward na kumwekea kidole kwenye mstari.

"Na hiki kivuli, kaka, mtuachie. Nyie mnavyo vingi."

"Unataka tukifute?"

"Kifute."

Osward alitoa rula.

Siku Aneth na Danford walipokabidhiwa nyumba namba nane, saa tisa kamili, kivuli chao kiliamka, kikajikunja, kikavuka barabara. Aneth alikitazama mpaka kilipolala, kisha akavuka kukifuata, amemshika mama mkwe wake mkono. Marsela aliokota ncha ya mkeka, akaukunjua mpaka mwisho. Bartolomeo alisogeza kigoda kidogo ukutani, ingawa haikuwa lazima. Sasa kivuli kilikuwa cha nyumba tatu, na nafasi ilitosha.