Nukta Iliyokwenda kwa Jiwe

Kalamu ya leza ya Waliaula ilikuwa na hitilafu moja: nukta yake nyekundu haikwenda ilikoelekezwa. Aliilenga kalenda ya jikoni, mwanga ukakunja kona penye kabati, ukatoka dirishani na kushika njia juu ya mabati ya mtaa wa Manyatta.

Waliaula, fundi wa redio, aliirudisha kalamu mezani. Kichwa cha kwanza cha leza alikiua mwenyewe. Alikiunganisha moja kwa moja na betri nne, kama redio, kikawaka mara moja na kufa. Hiki cha pili alikiwekea rezista ya kupunguza umeme. Alipima nyaya kwa mita. Akaulehemu upya waya mweusi. Akafuta lenzi kwa shati. Nukta ilitoka safi, ikaenda zake.

"Labda haikupendi," alisema mkewe, Nelima, kutoka kitini.

"Isinipende, lakini ifanye kazi."

Kazi ilikuwa ya Nelima. Aliongoza kwaya kwa kugusa noti za do-re-mi kwa fimbo, kwenye karatasi kubwa ukutani. Tangu mguu uvunjike hakuweza kusimama, na akiwa amekaa fimbo haikufika; mwanga ungefika. Mzee Ogola, mwenyekiti wa kanisa, alisema Pasaka ikimkuta bado amekaa, kwaya itapewa mtu mwingine.

Waliaula aliiacha kalamu ikiwaka, aone kama betri zitadumu. Jioni akaja Benta, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, ufagio mkononi.

"Fundi, taa yako iko kule kanisani, kwa jiwe. Unaikujia ama niifagie?"

Waliaula alimpakia Nelima kwenye baiskeli, wakaenda. Nukta ilikuwa imetulia kwenye jiwe la msingi, ukutani kwa ndani, kando ya mlango. Jiwe lilisema kanisa lilijengwa mwaka 1997, mwaka jana tu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa: NA MZEE ABSALOM OGOLA. Mawe yalibebwa kutoka milima ya Kajulu na wanawake wa kwaya, kichwani. Nelima aliteleza na lake, mguu ukavunjika. Ogola alibeba mkasi wa kukata utepe.

Waliaula alilenga ngoma, dari, madhabahu. Nukta ilirudi kwa jiwe.

"Basi tuhamishe karatasi," alisema Nelima.

Msumari mmoja ulitosha. Karatasi ilipofunika jiwe, nukta ilimtii Nelima noti kwa noti, kama ndama. Kwaya iligeuza mabenchi, ikaimba.

Mzee Ogola alikuja mazoezini, akasikiliza, akaridhika.

"Lakini jina langu liko wapi, Mama?"

"Liko nyuma ya wimbo, Mzee."

Aliomba wembe, akakata karatasi chini, pamoja na mstari wa mwisho wa wimbo, mpaka jina likaonekana. Siku ya Pasaka nukta ilishuka mstari kwa mstari, na noti zilipokwisha ikapumzika juu ya jina lake. Ogola alisimama, akawapungia watu mkono.

Wakirudi kwa baiskeli, Nelima alimlenga mumewe kisogoni. Nukta ilikaa pale kidogo, kwa adabu, kisha ikarudi kanisani.

"Inanipenda?" aliuliza Waliaula.

"Endesha, Baba. Kuna mashimo."

Kalamu ilimgharimu Waliaula vichwa viwili vya leza, rezista moja, betri saba, msumari, na mstari wa mwisho wa wimbo wa Pasaka. Mguu hakuuhesabu. Ule ulikwenda kwa jengo.