Kiungulia Kwenye Kitambaa Cheupe

Ulimwona, ukageuza uso. Usikatae. Alijishika kifua mbele yako, tumbo limemtangulia, akameza mate kama anayemeza kaa la moto, nawe ukajifanya unatafuta kitu mfukoni.

Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za wauguzi. Kwa ajili ya weupe wa kitambaa, hakuna aliyeruhusiwa kutia kitu mdomoni hadi mapumziko ya mchana. Mkunga alimwambia ale kidogo kidogo, mara kwa mara, na maji asiyasahau. Angeyafanya wapi hayo? Alishinda na njaa, mchana akafakamia sahani nzima, kisha akainamia mashine huku kiungulia kikimpanda kooni. Maji aliyaogopa, maana kila akienda msalani kazi ililala na mstari mzima wa washonaji ukamsubiri. Choo nacho kikawa kigumu, kikamtoa machozi. Nyumbani mumewe alimpangia mito mgongoni asilale chali, akamkanda miguu, akamsihi aombe ruhusa. Alikataa. Waliolalamika kabla yake, alisema, viti vyao vina watu wengine.

Jirani yake wa mashine, mama mtu mzima waliyemwita Bibi Pindo, alivumilia kumtazama hivyo kwa siku kadhaa. Asubuhi moja alizima mashine, akamtandikia kitambaa safi mapajani na kumwekea kipande cha mkate mkavu.

"Kula, mwanangu."

"Bibi, msimamizi anatuona."

"Na aone. Macho si anayo?"

Mshonaji akacheka, na kicheko kikamchoma kifuani. Mtoto akajigeuza tumboni taratibu, kama anayetafuta upande mzuri wa kulalia. Mama yake akaweka kiganja pale. Miezi yote hiyo, aliwaza, chakula nilichomlisha bila kukosa ni woga wangu.

Akaumega mkate. Alikuwa angali anatafuna msimamizi alipofika, akauliza hicho ni nini.

"Nakula, dada," alisema. "Tumbo likiwa tupu naungua, likijaa naungua. Nipe nafasi ya kula kidogo na kunywa maji. Nitanawa mikono, nitashona. Kiti changu nakihitaji."

Msimamizi, mama wa watoto watatu, alipeleka mkono kifuani mwake mwenyewe, pale pale kiungulia kinapochoma, kabla hajajizuia. Akaushusha upesi. Alitazama mlango wa ofisi ya mwenye karakana, uliokuwa wazi.

Bibi Pindo hakuiwasha mashine yake. Aliyefuata akazima ya kwake, na wa nyuma yake pia, mpaka karakana nzima ikatulia isipokuwa mashine moja, na mwanamke mmoja akawa anatafuna polepole.

Na wewe uko hapo, mashine yako inanguruma peke yake. Izime. Inuka, ukamchotee maji, ukasimame kando ya kiti chake. Sasa hivi, kabla msimamizi hajafungua kinywa.