Majivu ya Jiko na Sarafu ya Prusia

Mzee Njuguna alikuwa amewatangazia jamaa wote wa Germantown, Marekani: Jumapili atampa mjukuu wake Audrey, aliyehitimu uuguzi, sarafu ya fedha ya mwaka 1764 kutoka Prusia, ufalme wa zamani wa Wajerumani. Historia ya sarafu hiyo aliisoma mwenyewe, katika darasa la jioni alilojiunga nalo akiwa na mvi.

"Mfalme wa Prusia alizitengeneza upya pesa zake," aliwaeleza wageni uani siku hiyo ilipofika. "Akaweka kipimo: marki moja ya fedha safi, uzito wa kama robo kilo, itoe sarafu kumi na nne, basi. Vita vikaja, tamaa ikamshinda, zikafuliwa za shaba tupu zenye fedha juu juu. Raia wakaumia. Vita vilipokwisha akakirudia kipimo chake. Hii yangu ndiyo ya kurudi."

Mkwewe Clement, mume wa binti yake Serah, aligeuza mbavu kwenye jiko la mkaa. "Na kama ni ya shaba, Baba? Mtandaoni watu huuziwa hata hewa."

Wageni wakaangua kicheko. Njuguna akacheka nao. Lakini alikuwa ameinunua mtandaoni kwa mtu asiyemjua, na neno lake lilikuwa limeshatoka mbele ya watu.

Akaingia ndani kuichukua. Mezani haikuwepo. Mkewe Bilha alikuwa kwenye sinki, ameishika, anaisugua kwa majivu ya jikoni.

"Mama Serah! Unafanya nini?"

"Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kupikia githeri. Mtoto apewe uchafu mbele ya watu?"

"Weusi ule ndio bei yake! Wakusanyaji wa sarafu hawazisugui kamwe!"

"Mimi si mkusanyaji."

Clement akafika na koleo mkononi. "Vizuri, Mama. Sasa tutaiona shaba."

Bilha ni mtu wa kusugua sufuria mpaka ujione sura. Pua ya mfalme aliyechorwa kwenye sarafu ilikuwa imelainika kabisa. Njuguna akaisuuza, akaielekeza dirishani, akaigeuza polepole. Puani, nyeupe. Ukingoni, nyeupe. Hakuna wekundu wa shaba popote.

Clement aliikodolea macho. "Haya, Baba. Mfalme wako alitubu kweli."

Njuguna akanyoosha mgongo. Bei ilikuwa imekwenda na maji ya sinki, wala hakuifuata.

Audrey, ambaye siku zote humjibu babu yake kwa Kiingereza, akaingia, akaifumbata, na mara hii akasema kwa lugha ya nyumbani: "Guka, naitaka hivi hivi."

Basi Mzee akawaita wote karibu, akaanza tena kutoka kwenye ile marki ya fedha. Mbavu ziliungua. Hakuna aliyemkatiza.