Mapigo ya Pembeni mwa Kitanda

Katika klabu ile ya karate, mtu akiutaka mkanda wa juu kabisa haupati kwa kuwapiga wenzake. Hutakiwa abuni kata yake mwenyewe, yaani mpangilio wa ngumi, mateke na vizuizi dhidi ya adui asiyeonekana, kisha asimame peke yake mbele ya wote aucheze mwanzo hadi mwisho. Masharti ni matatu. Amalizie palepale alipoanzia. Apige ukelele angalau mara moja, ule wa kumtoa adui roho. Na akiulizwa sababu ya pigo lolote, awe nayo. Wengi huyaona masharti hayo mepesi mpaka wajaribu, maana kupigana na mtu ni kazi, lakini kupigana na hewa ni kazi na nusu.

Pasi aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa dobi. Miaka ishirini na sita alikuwa akinyoosha mashati ya watu, hata mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Wenzake walimtania kwamba ukipigwa ngumi na yeye, utaanguka bila mkunjo hata mmoja.

Kata yake aliibuni nyumbani, katika chumba kimoja, pembeni mwa kitanda cha mkewe. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mama huyo miaka miwili, na kitanda kilisogezwa katikati ya chumba ili mumewe aweze kumgeuza kutoka pande zote mbili. Kilichobaki kilikuwa ujia wa hatua moja na nusu kuzunguka kitanda. Klabuni hakwenda tena, kwani angemwachia nani mgonjwa? Basi kila jioni, akishamlisha na kumbadilishia shuka, alivua viatu akafanya mazoezi katika ujia ule. Ngumi zilikuwa fupi zisigonge ukuta. Aligeuka kwa kisigino. Hakukanyaga kwa kishindo wala hakupiga ukelele, kwa sababu mara nyingi mkewe alikuwa ameanza kusinzia.

Asiposinzia, alikuwa mkaguzi asiye na huruma, yeye ambaye maishani mwake hakuwahi kumpiga mtu hata kofi.

"Mwenzangu, umechelewa kugeuka," alimwambia, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo.

"Umejuaje wewe?"

"Unapigana na hewa, na hewa inakushinda. Rudia."

Alirudia. Mwishoni, akiwa amerejea alipoanzia, karibu na mto, aliinama na kushusha kiganja taratibu, aone kama paji la uso lina joto. Siku moja mkewe alimwambia kwamba hilo ndilo pigo zuri kuliko yote, asije akalitoa. Hakulitoa.

Mkewe alifariki asubuhi moja, Pasi akiwa jikoni anachemsha maji. Wiki ya pili baada ya mazishi, dada wa marehemu alikuja na gari kukichukua kitanda.

"Shemeji, jikaze," alisema. "Ukiendelea kukitazama hiki, kitakumaliza."

Hakuwa na nia mbaya. Chumba kikawa kipana kupita kiasi. Pasi alitandika godoro kando ya ukuta, na kila alipokwenda mlangoni alipazunguka katikati badala ya kukatiza. Mazoea yana taabu.

Akarudi klabuni. Katika miaka ile miwili alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kata ile. Ikikubaliwa, ingeandikwa katika daftari la klabu na kufundishwa hata yeye asipokuwepo. Ikikataliwa, ingebaki mwilini mwake, na mwili wenyewe ulikuwa umeshaanza kulalamika magotini.

Jumamosi ya mtihani aliicheza mbele ya wenzake kumi na wanane na Mwalimu. Mwalimu alikuwa mama mfupi wa makamo, mwenye desturi ya kusema ukweli kabla ya salamu.

"Pasi, miguu mizuri," alisema. "Lakini katikati umepaacha patupu. Unazungukazunguka kama mtu aliyeangusha ufunguo. Adui yuko pale, mfuate."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ukelele uko wapi?"

"Nimeusahau."

"Na kile kiganja cha mwisho?"

"Kizuizi cha teke la chini."

Uongo mtupu. Teke gani hilo linalosubiri kuzuiwa polepole vile? Lakini Pasi hakutaka kumlaza mkewe mbele ya watu ili wamwonee huruma.

Mwalimu alikuwa na kawaida yake: kata yoyote akishaiona mara moja, huicheza mwenyewe kabla ya kuitolea hukumu. Akasimama alipoanzia Pasi. Akapiga ngumi ya kwanza, akageuka, kisha badala ya kufuata ujia akaelekea katikati moja kwa moja, akainua mguu ashindilie sakafu, na pumzi ya ukelele akawa ameshaivuta.

"Utamkanyaga," Pasi akasema.

Ulimi hauna mfupa. Mguu wa Mwalimu ukabaki hewani.

"Nimkanyage nani?"

"Mke wangu. Kitanda chake kilikuwa hapo."

Ikabidi aeleze. Alieleza kwa maneno machache huku akitazama mbao za sakafu: ujia, usingizi wa mgonjwa, paji la uso. Hakulia, ila sauti ilimtoka nyembamba mpaka mwenyewe akaishangaa.

Mwalimu akarudisha mguu nyuma, akaushusha taratibu.

"Kichwa kililala upande gani?"

"Huko dirishani."

Akaanza upya, safari hii akinyata. Alipofika upande wa miguuni, Pasi akamwambia, "Sogea nje kidogo, Mwalimu. Alikuwa mrefu."

Akasogea. Mwishoni akainama, akashusha kiganja, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kata ilivyotaka. Kisha akaliendea daftari, akaandika.

"Ukelele nimeusamehe," alisema. "Sababu ipo. Haya, wote simameni mjifunze."

Wakasimama. Mmoja baada ya mwingine, watu ambao hawakuwahi kumwona mwanamke yule walimzunguka kimyakimya, na hakuna aliyemkanyaga. Pasi aliwatazama, akashukuru, na moyo ukamuuma.

Alifika nyumbani na mkanda mpya mfukoni. Akafungua mlango, akapazunguka katikati, akaketi kwenye godoro.

"Mwenzangu, tumepita," akasema.

Akasubiri. Watu kumi na wanane walikuwa wamempa mkono siku hiyo, na hakuna hata mmoja wa kumwambia amechelewa kugeuka. Baada ya muda akavua viatu, akarudia.