Kipa wa Barafuni kwenye Mchanga wa Kibirizi

Mpira ulinipiga shingoni kabla sijauona, nikaenda chini kwenye mchanga wa ufukwe wa Kibirizi, Kigoma. Kaka yangu Petero hakuja kuniinua. Aliokota mpira mwingine kutoka kwenye ndoo ya maji, akaukung'uta, akasubiri nisimame.

Kabla ya hapo nilikuwa Kanada, katika mji ambao ziwa lake huganda mpaka magari yanapita juu yake. Kazi yangu ilikuwa kudaka: golikipa wa kulipwa wa hoki ya barafuni. Nilivaa kinga za miguu nene kama magodoro, nikapiga magoti langoni, na wanaume wazima wakanitwanga kwa kisahani cheusi cha mpira mgumu kiendacho kasi kuliko basi la Kasulu. Kisha nyonga ikaharibika. Nilipasuliwa, na nilipopata nafuu kocha aliniita ofisini, akanipa kahawa, akaniambia kwa upole kwamba nafasi yangu imeshapata mtu.

Nikarudi Kigoma. Nilimwambia Petero nimekuja kukaa. Tungenunua boti letu wenyewe, tuwe ndugu tena.

Hakunijibu siku ile. Yeye ndiye aliyenifundisha kudaka, tukiwa kambi ya wakimbizi, kwa mpira wa mifuko ya nailoni, mimi mtoto nisiyeogopa kuchubuka. Jina la familia yetu lilipoitwa kwenda ng'ambo, mama alikuwa kitandani, hawezi safari. Mmoja alipaswa kubaki naye. Petero alisema mtoto hawezi kumbeba mama kwenda bafuni. Nikaondoka na shangazi Caritas. Mama tulimzika kila mtu pale alipokuwa: Petero kwa jembe, mimi kwa simu. Baadaye Petero alimwoa Agnesi, Muha wa Kagunga, akawa nahodha wa boti la abiria linalokwenda huko kwao.

Jibu lilikuja kesho yake, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka.

"Ishimwe, mwenewacu," alisema, akiniita ndugu kwa Kirundi chetu, "nyumba hii ni yako, ushinde au ushindwe. Lakini wewe hujashindwa. Umechoka. Ukibaki hapa kwa kuchoka, basi mimi nilibaki kambini bure."

Agnesi alinisogezea maji.

Alfajiri Petero alikuwa mlangoni na ndoo ya mipira ya tenisi aliyoiokoteza soko la Mwanga.

Kunirushia mipira ufukweni ikawa ndiyo desturi yetu kila asubuhi, kabla boti halijaondoka. Mpira uliolowa ni mzito, unateleza, na Petero alikuwa na mkono wa mtu aliyezoea kutupa nanga. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walinicheka nikienda huku na huku kwa magoti kama kaa. Baada ya muda kicheko kikahama, wakawa wanamzomea yeye kila nilipodaka. Siku moja nyonga iliuma hadi nikatapika. Agnesi alinikanda kwa maji ya moto na chumvi. Nikamwomba asimwambie mumewe, naye akamwambia. Asubuhi iliyofuata Petero alirusha mipira yote upande wa ile nyonga mbovu. Nilimchukia mpaka jua likapanda. Kisha nikamwambia arushe tena.

Nilipoondoka kurudi Kanada sikuwa na mkataba. Timu mbili za ligi ya chini zilinijaribu, zikanirudisha. Ya tatu ilinichukua niwe kipa wa akiba, na nusu ya msimu kazi yangu ilikuwa kuwafungulia wenzangu kijimlango cha benchi. Kipa wa kwanza akavunjika kidole, nikaingia. Goli la kwanza lilinipita kabla sijatoa jasho, la pili likafuata. Nilimwona kocha akiniangalia kama mtu anayefikiria kunitoa. Nikarudi mstarini, nikapiga magoti, nikajaza lango. Hakuna jingine lililoingia, ila wenzangu walirudisha moja tu.

Nilimpigia Petero. Kigoma kulikuwa kumeshakucha. Aliuliza kama tumeshinda, nikamwambia tumefungwa. Nikasikia injini ikikohoa na Agnesi akimwelekeza mtu pa kuweka magunia.

"Nyonga?" akauliza.

"Inauma."

"Mechi ijayo nani anadaka?"

"Mimi."

Akasema sawa, abiria wameshajaa, akakata simu.