Ukakasi wa Zambarau

Tone lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya bomba la kioo, halijaamua kudondoka, askari walipoingia maabara. Wawili. Mmoja alibaki mlangoni, mwingine akaja mpaka mezani.

"Nyinyi napika nini hapa?"

"Hapana pika, afande," nikasema. "Napima juisi."

Opoka, mkubwa wangu wa kazi, alinyamaza. Alikuwa Mwacholi, na mwaka ule wa sabini na saba, serikali ikiwasaka Wacholi, Mwacholi akinyamaza ameshajibu.

Mimi nilikuwa mkamuaji tu. Shule niliiacha Kisumu, darasa la tatu. Kila asubuhi natoka kwangu mtaa wa Kisugu kwa miguu, nakamua zambarau, zile watu wa Kampala huita jambula, kisha naosha vioo. Mengine yalikuwa ya Opoka. Aliimimina juisi juu ya unga mweupe ulioshindiliwa ndani ya bomba, akaisukuma kwa maji mengine ya chupa, nayo ikashuka polepole ikijigawa: utepe wa zambarau, wa waridi, wa manjano. Kila utepe na kichupa chake. Alitafuta kile kinachokaza ulimi ukila tunda bichi, apate kujua kimo ndani yake kiasi gani.

"Ukakasi, Mama Akeyo," aliniambia siku nilipouliza. "Nimesoma miaka kumi na saba nije kupima ukakasi."

Tulicheka mpaka tukashika meza.

Sasa askari alikuwa ameinua kichupa, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii sumu. Huyu nataka kuua wakubwa."

"Ni jambula, afande. Nimekamua mwenyewe, na mikono hii."

Nikamwonyesha vidole, vyeusi kwa rangi. Akavitazama, akamtazama Opoka, akanipa kichupa.

"Kama juisi, kunywa."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona jambo limekwisha. Watoto wangu watano wamekulia jambula. Mimi mtu mzima, funda moja litanifanya nini? Nikakifikisha mdomoni.

"Usinywe!" Opoka akanipiga mkono, kichupa kikaanguka kikavunjika. "Ina spiriti mbaya, mama. Itakupofusha."

Yale maji mengine. Sikuwahi kuuliza ni maji gani.

Angelisema kwa lugha yake. Mjaluo kama mimi na Mwacholi, neno la kunywa ni karibu moja. Mimi ningeelewa, wao wasingeelewa. Lakini kazini tulizoea Kiswahili, na ulimi wenye haraka hushika njia uliyoizoea. Nimeipembua siku ile miaka yote hii, bila machozi, kama mtu anayetafuta vijiwe kwenye mchele.

Askari alicheka. Hata hasira hakuwa nayo.

"Umesikia? Huyu nasema mwenyewe."

Wakaondoka naye na koti lake jeupe. Mimi nikafagia vioo. Kisha nikasimama pale bombani nikibadilisha vichupa, kila utepe na chake, mpaka yakashuka maji yasiyo na rangi. Nikafunga mlango.

Siku ya tatu Adyero, mkewe, alinikuta nyumbani naanika nguo. Hakuuliza wamempeleka wapi. Wanawake tulikuwa tumeacha kuuliza hilo. Aliuliza mumewe aliacha neno gani.

"Alisema nisinywe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akangoja. Alidhani kuna zaidi.